Uliza Kilikotoka: Kwa Anayekwenda Makumbusho ya Nubia, Aswan

Nimeingia katika Makumbusho ya Nubia mjini Aswan mara mbili, na kati ya hizo mbili ni moja tu ambayo naweza kusema kwamba niliyaona. Mara ya kwanza nilikuwa katika kundi la watalii lililopanda mto kutoka Luxor. Mwongozaji tuliyekuja naye alitupa dakika 45, akatusimamisha mbele ya sanamu kubwa ya Farao Ramses wa Pili, akatutajia urefu wake na umri wake, akatuacha tupige picha, kisha akaanza kutuhesabu ili turudi basini. Nilitoka na picha nyingi na sikuwa na neno la kumwambia shangazi yangu, ambaye ndiye hasa aliyenituma niende nikamtazamie.

Shangazi ni Mnubi wa Kibra, Nairobi, mmoja wa wazao wa askari waliotoka Sudan enzi za ukoloni. Amezaliwa hapo, na baba yake alizaliwa hapo pia, lakini tangu utoto wake amekuwa akiulizwa ametoka wapi, shuleni na katika foleni za kuomba kitambulisho. Alitaka kuiona nchi ambayo jina lake analibeba. Nilipomwonyesha picha zangu alizitazama zote hadi mwisho, kisha akauliza, "Hawa watu waliokuwa na vitu hivi, wako wapi sasa?" Sikuwa na jibu. Miaka miwili baadaye nilirudi Aswan pamoja naye, tukatafuta mwongozaji wetu wenyewe, na niliyojifunza siku hiyo ndiyo ninayotaka kumpa kila msomaji anayepanga safari kama ile.

Ushauri wangu wa kwanza, ulio mzito kuliko yote yatakayofuata, ni kwamba utafute mwongozaji ambaye mwenyewe ni Mnubia, na umtafute kabla hujafika mlangoni. Aswan si mahali pa kuhangaika kumpata mtu wa namna hiyo, kwa sababu Wanubia ni wengi mjini na katika vijiji vya kando ya mto, na watu wa nyumba ya wageni unapolala hawatakosa jina la kukupa. Hakikisha ana kibali cha serikali cha kuongoza wageni, kwa kuwa Misri ina utaratibu wake katika kazi hiyo na asiye na kibali anaweza kuzuiwa kuzungumza nanyi ndani ya jengo. Mpatane mapema malipo, lugha na muda. Sisi tulipatana saa tatu nzima, na tulimweleza wazi kwamba tuko na mama mtu mzima ambaye atahitaji kukaa kila baada ya kitambo. Baada ya hayo muulize jambo ambalo wageni wengi huliona la faragha mno, yaani watu wake ni wa kijiji gani. Mnubia wa makamo ukimuuliza hivyo atakutajia jina la kijiji ambacho hakipo tena juu ya ardhi, na hapo ndipo matembezi yenu yatakapoanza.

Wetu alisema, "Ballana." Alikuwa amezaliwa baada ya watu kuhamishwa, hakuwahi kukiona kijiji hicho hata siku moja, lakini alikitaja bila kusita, kama mtu anayetaja nyumba aliyolala jana.

Ni vizuri uyajue machache kuhusu jengo lenyewe kabla hujaingia. Makumbusho haya yalifunguliwa Novemba 1997, juu ya kilima upande wa kusini wa mji, na yaliandaliwa na serikali ya Misri kwa ushirikiano na UNESCO. Aliyelisanifu jengo ni Mmisri Mahmoud el-Hakim, na mwaka 2001 lilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Limejengwa kwa mawe ya sehemu zile zile, mawe ya mchanga na matale ya waridi ya Aswan, na limelazwa kufuata mteremko wa kilima, kiasi kwamba ukiwa barabarani huwezi kujua ukubwa wake. Unaingia kwa juu, kisha unateremka kwenda kwenye ukumbi mkuu. Mwongozaji wetu alitusimamisha kwenye ngazi akasema kwamba kwake yeye mteremko huo si jambo la usanifu tu, kwa sababu kila anaposhuka huhisi anakwenda chini ya ziwa.

Alikuwa na maana yake, na maana hiyo ndiyo kiini cha makumbusho yote. Nubia ni nchi ya bonde la Mto Naili inayoanzia Aswan, kwenye Maporomoko ya Kwanza, na kuendelea kusini hadi ndani kabisa ya Sudan. Sehemu yake ya kaskazini haionekani tena. Waingereza walijenga bwawa la kwanza la Aswan kati ya 1898 na 1902, kisha ukuta wake ukaongezwa kimo mara mbili, 1907 hadi 1912 na tena 1929 hadi 1933. Kila kimo kilipoongezwa, maji yalirudi nyuma juu ya mashamba na mitende, na watu wakajenga nyumba zao upya juu zaidi kwenye miamba. Halafu likaja Bwawa Kuu, lililojengwa kati ya 1960 na 1970. Nyuma yake likatandaa ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 500, ambalo Wamisri wanaliita Ziwa Nasser na Wasudani wanaliita Ziwa Nubia, na safari hii hapakuwa na mwamba wa kukimbilia.

Kwa hiyo usiende moja kwa moja kwa Ramses. Mwanzoni mwa maonyesho kuna mfano wa bonde la Naili unaoonyesha mto na mahali mahekalu yaliposimama, na wageni wengi huupita kama watu wanaopita ramani ya ukutani ofisini. Sisi tulikaa hapo kwa nusu saa. Mwongozaji aliutembeza mkono wake juu ya mto kutoka kaskazini kwenda kusini akitaja: Debod, Kalabsha, Gerf Hussein, Amada, Abu Simbel, Ballana na Qustul zilizotazamana ng'ambo na ng'ambo, kisha mpaka, kisha Faras. Shangazi alimwomba arudie. Alirudia polepole zaidi, na mara hii alitueleza kila mahali palifikwa na nini. Hekalu la Debod liko Madrid, hekalu la Taffeh liko Leiden, la Dendur liko New York na la Ellesyia liko Turin, kwa kuwa Misri ilizitunukia nchi zilizosaidia kazi ya uokoaji. Kalabsha ilibomolewa jiwe kwa jiwe na kupangwa upya karibu na Bwawa Kuu. Abu Simbel ilikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu ya mahali pake pa zamani, kazi iliyofanywa kati ya 1964 na 1968. "Na Ballana?" shangazi akauliza. "Ballana iko pale pale," akajibu, "maji ndiyo yaliyokuja."

Kutoka hapo tukawa na swali moja tu, tukaliuliza mbele ya kila kitu: kilitoka wapi, na mahali hapo sasa pakoje? Nakusihi ulibebe swali hilo. Kibandiko cha makumbusho, ambacho hapa huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, kitakupa umri wa kitu na kile kilichotumika kukitengeneza. Jina la mahali nalo hutajwa, lakini mgeni hulipita kwa sababu halimwambii chochote. Ukiliuliza, kitu kinapata ardhi chini yake. Hata Ramses, niliyempita mara ya kwanza kama sanamu nyingine yoyote, aligeuka. Sanamu hiyo ina urefu wa takriban mita 8, na ilitoka katika hekalu la Gerf Hussein, ambalo nusu yake lilichongwa ndani ya mwamba chini ya usimamizi wa Setau, aliyekuwa mwakilishi wa Ramses huko Kushi, kama Nubia ilivyoitwa zamani. Sehemu kubwa ya kile kilichochongwa mwambani iliachwa izame. Kwa hiyo anayesimama ukumbini ni mmoja aliyetolewa katika nyumba iliyofurika, na mwongozaji alituomba tumtazame miguu na mabega, jinsi alivyo mnene na mzito kuliko Ramses wa Luxor, kwa kuwa mikono iliyomchonga ilikuwa ya huku.

Katika sehemu ya vitu vya kale kabisa kuna vyombo vya udongo ambavyo ningekushauri usivipite hata kama umechoka. Vipo vyembamba kiasi cha kufanana na ganda la yai, vimepakwa rangi nyekundu kwa mifumo inayoiga ususi wa vikapu, na ni vya watu walioishi hapa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Watu hao katika vitabu wanaitwa Kundi A. Waliofuata baadaye wanaitwa Kundi C, na wale wa Ballana waliitwa Kundi X. Herufi hizo zilianza na George Reisner, Mmarekani aliyeongoza uchunguzi wa kwanza wa makaburi ya Nubia kuanzia 1907, wakati bwawa la kwanza lilipokuwa likiongezwa kimo na wachimbaji wakishindana na maji. Hakujua watu hao walijiitaje, akawapa herufi. Namwelewa, alikuwa na haraka na alikuwa na kazi. Lakini zaidi ya miaka mia moja imepita na herufi bado zipo, na mimi ninaona uzito wake ninapofikiri kwamba watu walioweza kuufinyanga udongo hadi ukawa mwembamba kiasi kile wanatajwa kama safu katika daftari.

Ukifika kwa wafalme wa Kushi, usiwe na haraka, maana hapa ndipo msomaji wa Kiswahili atakapokutana na watu aliowahi kuwasikia bila kujua. Kuna kichwa cha Taharqa, kilichochongwa katika jiwe jeusi, uso mpana, midomo mizito iliyofumbwa. Huyu ndiye Tirhaka mfalme wa Kushi anayetajwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alitawala Misri na Kushi kwa pamoja kuanzia 690 hadi 664 kabla ya Kristo, mmoja wa wafalme wa Nasaba ya 25, waliotoka Napata kusini kabisa, wakateremka na mto na kuikalia Misri yote. Shangazi ni Mwislamu, mimi nilisoma shule ya misheni, nikawa ndiye wa kumweleza kwamba hata yule "Kandake" wa Matendo ya Mitume, sura ya 8, hakuwa mwanamke mwenye jina hilo. Kandake ni cheo cha malkia wa Meroe, mji mkuu wa Kushi katika enzi zake za baadaye. Mwongozaji akaongeza habari za kandake mmoja, Amanirenas, aliyepigana na Warumi muda mfupi baada ya Roma kuitwaa Misri. Majeshi yake yaliangusha sanamu za Kaisari Augusto, na kichwa kimoja cha shaba kilizikwa Meroe chini ya kizingiti, ili kila anayeingia akikanyage. Kilifukuliwa mwaka 1910 na sasa kiko British Museum, London. Usitarajie kukikuta Aswan. Nakitaja kwa kuwa ukimpata mwongozaji mzuri atakuonyesha pia vitu visivyokuwepo, na katika historia ya Nubia hivyo ni vingi.

Maandishi ya Meroe nayo yanastahili dakika chache. Herufi zake zinasomeka, kazi iliyofanywa na Mwingereza Francis Llewellyn Griffith mwanzoni mwa karne ya 20, ila lugha yenyewe bado haijaeleweka isipokuwa majina, vyeo na maneno machache. Unaweza kulitamka jiwe zima bila kujua limesema nini.

Halafu tulifika kwenye farasi. Nilikuwa nimempita mara ya kwanza bila hata kumpiga picha. Ni mfano wa farasi aliyevishwa hatamu na mapambo ya fedha yaliyotoka katika makaburi ya Ballana, yaliyochimbwa na Walter Emery na wenzake kati ya 1931 na 1934, kwa sababu ile ile kama siku zote: ukuta wa bwawa ulikuwa ukiongezwa. Wafalme wa Ballana walizikwa baada ya Meroe kuanguka, katika karne ya 4 hadi ya 6, pamoja na farasi wao, watumishi wao na mataji ya fedha yaliyopambwa kwa vito. Juu ya makaburi hayo kulikuwa na vilima vya udongo vikubwa kiasi kwamba wanakijiji waliviona kama vilima vya kawaida. Mwongozaji wetu alisimama karibu na kioo, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake, akiwa mtoto, alichunga mbuzi juu ya vilima hivyo. Hakusema zaidi ya hayo, na sisi hatukumuuliza. Shangazi alitafuta benchi akakaa akimtazama yule farasi kwa muda mrefu. Ningekuwa na kundi la basi, wakati huo ungekuwa umekwisha pita.

Sehemu ya Ukristo wa Nubia nitaisimulia kwa ufupi, ingawa falme zake, Nobadia, Makuria na Alodia, ziliishi kwa karne nyingi. Makuria iliyazuia majeshi ya Waarabu huko Dongola na mwaka 652 ikafanya nayo mapatano yaliyoitwa bakti, ambayo yaliheshimiwa kwa mamia ya miaka. Hapa muulize mwongozaji wako habari za Faras. Kati ya 1961 na 1964 Wapolandi chini ya Kazimierz Michałowski walifukua kanisa kuu lililojaa mchanga, lenye picha za ukutani zaidi ya 100, wakazibandua ukutani maji yakiwa njiani. Picha hizo ziligawanywa kati ya Warsaw na Khartoum. Kanisa lenyewe limezama.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo waongozaji wa haraka huiruka, na ambayo kwangu ndiyo iliyolipa safari. Ni ile inayoonyesha maisha ya Wanubia kabla ya kuhamishwa: harusi, chuo cha Kurani, wanawake wakisuka, nyumba zenye sahani za kauri zilizopachikwa juu ya milango, na gurudumu la kuinulia maji linalozungushwa na ng'ombe. Zimepangwa kwa sanamu zenye ukubwa wa binadamu, na msomi anaweza kuziona za kitoto. Tafadhali usizidharau. Mwongozaji alitueleza jinsi gurudumu moja lilivyomilikiwa kwa hisa na jamaa kadhaa, kila mmoja akiwa na zamu yake ya maji, na jinsi mtende mmoja ulivyoweza kuwa na wenyewe watatu: mwenye ardhi, aliyepanda mche na aliyemwagilia. Alitueleza pia kwamba mabwawa ya mwanzo yalipomeza mashamba, wanaume walikwenda Cairo na Alexandria kuwa wapishi, walinda milango na watumishi wa majumbani, na vijiji vikabaki mikononi mwa wanawake, wakingoja meli ya posta ilete barua na sukari.

Kisha picha za uhamisho wenyewe, unaoitwa kwa Kiarabu tahjir. Wanubia wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa kati ya Oktoba 1963 na katikati ya 1964, wakapelekwa eneo la Kom Ombo, mbali na mto. Idadi inayokaribia hiyo upande wa Sudan walipelekwa kutoka Wadi Halfa hadi Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka kwao. Familia ya mwongozaji wetu ilifuatana na kijiji kizima. Usiku wa mwisho watu walikwenda makaburini, wakayamwagia maji makaburi ya wazee wao, wakafagia nyumba, wakafunga milango na kuondoka na funguo. Kijiji kipya nacho kikaitwa Ballana. Katika miezi ya mwanzo huko wazee na watoto wengi walifariki.

Nitasema hapa jambo ambalo naliamini, nawe utalipima mwenyewe ukifika. Makumbusho haya yanasimulia vizuri sana jinsi mawe yalivyookolewa. Wito wa UNESCO wa kuyaokoa ulitolewa tarehe 8 Machi 1960, kampeni ikadumu miaka 20, majengo zaidi ya 20 yakahamishwa, na picha za nyuso za Abu Simbel zikining'inia kwenye minyororo bado zinamsimamisha mtu. Lakini habari za watu waliohamishwa hazikupewa nafasi inayolingana na ya mawe. Katiba ya Misri ya 2014, katika ibara ya 236, iliahidi kuwarejesha Wanubia katika maeneo yao ya asili ndani ya miaka 10. Miaka hiyo imekwisha na suala bado liko wazi. Hutalikuta kwenye kibandiko, na ndiyo sababu nimesisitiza mwongozaji awe ni mtu ambaye habari hizi ni zake. Asipotaka kulizungumza, mwache, kwani ana maisha yake ya kuendelea nayo hapo baada ya wewe kuondoka.

Vilevile kumbuka kwamba Aswan ni nusu ya habari. Miji ya kale ya Kerma, Napata, Meroe na Dongola iko Sudan, na Makumbusho ya Taifa ya Khartoum, yaliyohifadhi picha za Faras na mengi mengine, yaliporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Tulipofika mwisho wa ukumbi shangazi aliuliza kama vitu vya kule vitapatikana tena. Mwongozaji alitikisa kichwa bila kusema ndiyo wala hapana.

Neno moja kwa ndugu zangu Wanubi wa Kibra, wa Bombo kule Uganda, na kwingineko Afrika Mashariki. Shangazi alikwenda akitarajia kusikia lugha yake. Alipoona kiu alisema "moyo", kama tunavyoita maji kwa Kinubi, na mwongozaji akatabasamu kwa kuwa alilielewa, ila alilielewa kama Kiarabu cha Sudan. "Kwetu, hagga," akamwambia, kwa neno la heshima ambalo Wamisri humwitia mama mtu mzima, "maji ni aman." Kinubi chetu kilizaliwa kambini kutokana na Kiarabu, kati ya askari waliokusanywa kutoka makabila mengi ya Sudan Kusini na kandokando yake, ambao wao na wazao wao waliingia jeshi la Keya, yaani King's African Rifles la Waingereza, na kupewa Kibra kuwa makao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga rasmi, ekari 4,197, na jamii ilisubiri hadi 2017 kupata hati ya ekari 288. Wanubia wa Naili ni watu wengine, wenye lugha zao za kale. Nilihofia shangazi atavunjika moyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kumbe hata hivyo wanafahamiana, maana wote wawili wameahidiwa ardhi. Nakushauri, ikiwa nawe ni Mnubi, uende ukijua tofauti hiyo mapema, ili usiitumie siku nzima kumtafuta babu ambaye hakupita pale.

Kuhusu mpango wa safari, makumbusho yatangulie yote. Watu wengi huanza na Abu Simbel, wakaondoka Aswan saa kumi alfajiri kwa barabara ya zaidi ya saa tatu, wakarudi adhuhuri wakiwa hoi, na ndipo wanapoburutwa makumbushoni. Fanya kinyume. Ukiwa umesimama mbele ya ule mfano wa bonde, utakapofika Abu Simbel utatazama ziwa kwanza, mahekalu baadaye. Philae, mahekalu ya kisiwani, na Kalabsha nazo zifuate. Nenda asubuhi, au jioni jua likipoa, na uulize saa za kufunguliwa siku moja kabla, kwa sababu hubadilika, hasa Ramadhani. Desemba hadi Februari hali ya hewa ni ya kupendeza. Miezi ya joto Aswan hupita nyuzi 40, na hata kilima kile kifupi humlemea mtu mzima, basi mchukulie teksi hadi mlangoni. Uliza kuhusu kamera kabla ya kuitoa.

Ibakize saa moja kwa ajili ya bustani. Kuna nyumba ya Kinubia, kuna michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba ikaokolewa kabla ya mafuriko, na kuna mfereji wa maji uliotengenezwa kufuata mfano wa Naili. Tulikaa hapo kivulini, na shangazi akatoa mkobani picha ya babu yake, amevaa sare ya Keya, amesimama wima kando ya kiti. Mwongozaji aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akatuuliza swali letu wenyewe: huyu alitoka wapi? Shangazi alijibu, Kibra. Akaulizwa, na kabla ya Kibra? Jina la kijiji hicho hakuna aliyeliandika, na wote waliokuwa wakilijua wamekwisha zikwa.

Usiku ule hotelini aliniomba kalamu na karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, Makina, Lindi, Kambi Muru, Laini Saba, na chini ya kila jina akaanza kupanga nyumba alizozikumbuka, wenyewe wakiwa akina nani, mwembe ulikuwa wapi, na kisima kilikuwa upande gani.